Basi la Saa Nane na Ritani za Mtaa

Dada yangu hatulii. Tumefanya kazi chumba kimoja miaka mingi, mimi na cherehani yangu upande wa dirisha, yeye na kompyuta yake upande wa mlango, katikati kabati la vitambaa, na sijawahi kumwona akimaliza kikombe cha chai. Anajaza ritani za kodi za watu akiwa amesimama, kalamu ameichomeka kwenye nywele, mguu mmoja nje ya kiatu. Kiti chake wanakalia wateja. Wakizidi wanakalia mapazia yangu, hata yale niliyokwisha kuyapiga pasi, na nikifungua mdomo naambiwa nina roho mbaya.

Mtaani wanamwita Mama Sifuri. Jina lilitokana na wateja wake wa mwanzo, vijana wasio na ajira na kina mama wa nyumbani, watu wenye namba ya mlipakodi lakini wasio na mapato, ambao kila mwaka walitakiwa kuiambia serikali kwamba hawakupata kitu. Anaandika sifuri, anabonyeza, wao hao wanaondoka wameridhika. Baadaye wakaja wenye mishahara, wenye maduka na wapangishaji wa vyumba, ila jina halikubadilika. Akiwa amechoka husema amewapa watu wa mtaa huu sifuri nyingi kuliko mwalimu yeyote wa hesabu.

Hajazi uongo, na hilo limemkosesha wateja. Fundi geti mmoja aliwahi kumwomba amwongezee watoto wawili kwenye fomu ili apunguziwe kodi. Dada akamuuliza wanasoma darasa la ngapi. Yule bwana akababaika, akarudishiwa karatasi zake. "Nenda kawazae kwanza," dada alimwambia mbele ya watu wote, na mwaka uliofuata fundi geti alirudi na ritani isiyo na mtoto hata mmoja.

Kosa lake ni moja, na si lake peke yake, ni letu mtaa mzima. Mtu akifunguliwa akaunti ya kodi lazima aandikishe namba ya simu, kwa sababu kila anapotaka kuingia, mtandao unatuma tarakimu za kumthibitisha kwenye simu hiyo. Sasa watu wetu laini zao hazidumu. Leo anayo, kesho imefungwa, keshokutwa kamwachia mkewe. Basi wakawa wanamwambia, "Weka yako tu, dada." Akaweka. Ikawa mazoea. Serikali ikimtafuta mlipakodi wa mtaa huu, simu inatetemeka kwenye mfuko wa gauni la dada yangu, na bila yeye hakuna anayeingia kwenye akaunti yake mwenyewe. Msimu wa ritani ukianza hawezi kusafiri, hawezi kuugua, hata bafuni anaingia na simu.

Shemeji, mume wa dada, ndiye aliyelipa gharama ya mazoea hayo. Ni fundi wa mitambo, na alihamishiwa kiwanda cha saruji kwenye mji mwingine, safari ya nusu siku kwa basi. Walikubaliana yeye atangulie, dada amalize msimu kisha amfuate. Msimu ukaisha, wakaja waliopigwa faini kwa kuchelewa. Hao wakaisha, wakaja wanaotaka vyeti vya kodi waombe zabuni. Kabla hajapumua, msimu mwingine ukabisha hodi. Shemeji akawa anakuja akipata likizo, anakaa siku chache, anatengeneza bomba linalovuja, anarudi kwake. Kila akiondoka dada anasema, "Baada ya msimu huu." Mimi niliudhika sana, kwa sababu nilikuwa naona kabisa kwamba anaamini anachosema.

Mwaka huu shemeji alinipigia mimi.

"Shemeji, nimepata nyumba. Vyumba viwili na ua. Nimemkatia dada yako tiketi, basi la saa nane mchana, siku ya mwisho ya mwezi."

"Hiyo ndiyo siku ya mwisho ya ritani, shemeji."

"Najua."

"Si ungesogeza mbele japo siku moja?"

"Miaka yote hii nimesogeza mara ngapi? Asipopanda basi hilo, mwambie abaki tu huko. Sigombani naye. Nimechoka kupika chakula cha mtu mmoja."

Nikafikisha ujumbe neno kwa neno. Dada aliendelea kubonyeza kompyuta, kisha akasema shemeji yangu ana wazimu, nani anasafiri siku kama hiyo. Lakini jioni nilimkuta ameteremsha begi kutoka juu ya kabati, anapanga nguo, anazitoa, anazipanga tena.

Mimi nilikuwa upande wa shemeji, wala sikuficha. Nilimpigia debe asubuhi na jioni. Nilimwambia dada mtaa hautakufa, atakayekufa ni yeye, tena kwa upweke. Akaniambia nishone mapazia.

Hata hivyo alijaribu. Wiki za mwisho kila aliyekuja alimwambia atoe namba yake mwenyewe, ibadilishwe. Watu wakakataa. Mwenye nyumba wetu, mama mzima mwenye vyumba tele vya kupangisha, alikasirika kabisa.

"Unanifukuza?"

"Sikufukuzi, mama. Nakurudishia akaunti yako."

"Mimi nikae nayo niifanyie nini? Wewe unaondoka kwenda wapi ambako simu haishiki?"

Dada akarudi kwenye kompyuta. Namba ikabaki yake.

Siku yenyewe ilipofika, begi lilikuwa chini ya meza ya kompyuta na foleni ilikuwa imetoka nje ya mlango. Mtandao ulikuwa unazunguka tu, kwa sababu nchi nzima nayo ilikuwa imekumbuka kodi siku hiyo. Ukifunguka, dada anajaza mbiombio. Ukigoma, anatembea, kutoka mlangoni hadi kwenye kabati, kutoka kwenye kabati hadi mlangoni, anasoma karatasi za watu njiani. Anamuuliza huyu kuhusu bima, anamrudisha yule akalete cheti cha makato kutoka kwa mwajiri wake. Nilivunja sindano nikimtazama. Kila nikitaja basi ananiambia, "Najua saa." Mara mbili alilisogeza begi kwa mguu ili mteja apite, na kila mara nilidhani anaondoka.

Ilipokaribia saa saba na nusu alipandisha sauti. "Jamani, mimi nafunga. Imebaki moja."

"Ya nani?" niliuliza.

"Ya mume wangu. Hajanitumia cheti cha makato, nilimkumbusha wiki nzima. Akipigwa faini nitaambiwa nini?"

Nilitaka kulia. Kituo cha mabasi hakiko mbali, lakini nilimfahamu dada yangu. Ritani hiyo moja ingezaa nyingine mpaka jua lizame, na basi lingeondoka. Aliingiza namba ya shemeji, akabonyeza, akaishika simu mkononi akisubiri tarakimu. Hazikuja. Akabonyeza tena. Simu ilitetemeka, kumbe ni tarakimu za mtu mwingine. Fundi geti, aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni, alishauri azime awashe. Akazima, akawasha. Hazikuja.

Akampigia mumewe, akaweka spika kama kawaida yake ili mikono ibaki huru. Chumba kizima tukasikia.

"Mbona tarakimu zako hazifiki?"

"Haziwezi kufika huko," shemeji alisema. "Wiki iliyopita nilikwenda ofisini kwa watu wa kodi, nikapanga foleni, nikabadilisha namba. Ritani nimeshajaza."

"Kajaza nani?"

"Mimi."

Dada alikaa. Alikaa kwenye kiti cha wateja, taratibu, akikishika kwa mikono miwili. Nimewahi kumwona akipokea habari ya msiba, na uso haukuwa tofauti sana.

"Bima umeiweka wapi?"

"Panapofaa."

"Hujui panapofaa."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka, na shemeji naye hakucheka.

"Sikiliza," shemeji alisema. "Kuna mahali wanauliza mwenza anaishi wapi. Miaka yote wewe umekuwa ukiandika huko kwako. Mimi nimeandika hapa. Nyumba, barabara, kila kitu."

"Umeandika uongo."

"Mpaka sasa hivi ni uongo, ndiyo. Ukipanda basi, kufika usiku utakuwa ukweli. Usipopanda, nimeidanganya serikali na sitarekebisha."

Akakata simu. Mashine yangu nilikuwa nimeiacha kitambo. Dada alikuwa anatazama kioo cha kompyuta, ambacho bado kilikuwa kinasubiri tarakimu zisizokuja. Nilimwona anatafuta pa kumshika mumewe, kifungu fulani, kosa fulani la kujaza ambalo lingemlazimu abaki. Hakukipata, kwa sababu hakuwa na njia ya kuingia.

Akachomoa kibanio cha nywele, akatoa laini kwenye simu yake, akaja kuiweka juu ya kitambaa nilichokuwa nashona.

"Watakuja," aliniambia.

"Dada, mimi sijui kujaza."

"Umenisikia miaka yote hii. Soma wanachouliza, andika ukweli."

"Na mimi je, Mama Sifuri?" fundi geti aliuliza. "Mimi ndiye nafuata."

"Unafuata kwa mdogo wangu."

Akachukua begi, akavaa kile kiatu cha pili, akatoka. Hatukuagana. Nilimsikia nje akiwaambia watu wampishe. Mimi niliyemhimiza aende nilibaki pale na hasira ambayo sikujua niimwagie nani. Nilitaka nimkimbilie nimpokonye lile begi. Miaka yote nilikuwa nafikiria shemeji anakula peke yake, na wala sikuwahi kujiuliza mimi nitazungumza na nani cherehani ikinyamaza.

Nikaweka laini kwenye simu yangu, nikasimama kwenye kompyuta, nikawaambia wanipe karatasi zao. Nilijaza mpaka muda ulipoisha. Baadhi nilikosea, najua, na fundi geti alinisahihisha mara moja.

Asubuhi namba ya shemeji ilipiga. Nikadhani ananiambia hakumwona.

"Mbona nasikia watu? Wamekalia mapazia?" Alikuwa dada.

"Wamekalia. Umefika salama?"

"Nimeifungua ile ritani yake. Amekosea sehemu mbili. Bima ameiweka kwenye pensheni, na posho ya usafiri hakuitaja kabisa. Itabidi tuirekebishe leo hii kabla hajaenda zamu." Alikuwa anatembea, nilisikia ndala, mlango, maji yakimiminwa. Nyuma yake shemeji alikuwa anacheka.

"Na pale pa mwenza anapoishi?" niliuliza.

Ndala zikanyamaza.

"Pale amepatia," alisema.