Mfuniko Uliokuwa Kengele

Jumapili ya pili ya mwezi wa nne. Mvua ilianza alfajiri, ikanyesha bila haraka mpaka adhuhuri, kisha likatoka jua lile la mvuke linalofanya nguo igande mgongoni. Nilikuwa Mbagala. Nyumba ya marehemu bibi imepata mnunuzi, na wakubwa wa ukoo walinituma nikaangalie kama kuna chochote cha kuokoa kabla mwenye nyumba mpya hajaja na mafundi.

Cha kuokoa hakikuwepo. Jikoni nilikuta mfuniko mmoja wa sufuria, umebonyeabonyea kama uso wa mtu aliyetoka kupigwa. Nikautia kwenye mfuko. Nilipotoka uani nikainua macho, na kile chuma cha kutundikia begi la mazoezi bado kipo kwenye boriti ya banda, kimeshika kutu. Nikasimama chini yake muda mrefu. Nilijiona mjinga, mwanamke mzima natazama chuma.

Nikueleze ilivyokuwa. Mie nililelewa na bibi. Mama alikuwa anafanya kazi za ndani kwa mwalimu mmoja Kimara, anakuja mwisho wa mwezi, analala usiku mmoja, nikiamka keshaondoka. Nyumbani tulikuwa watatu: bibi, mie, na mjomba, mdogo wake mama. Mjomba alikuwa bondia wa uzito wa juu. Mtaani walimwita Kontena, maana mlango wetu wa mbele alikuwa anaingia ubavu. Ukisikia hivyo utadhani alikuwa mtu wa makelele. Wala. Alikuwa na sauti ndogo, anakula taratibu, na nadhani alikuwa mpweke kuliko watu wote niliowajua, labda ukinitoa mie.

Upweke wake ulitokana na ukubwa wake. Mabondia wengi wa mjini kwetu ni wepesi. Pale walipokuwa wanafanyia mazoezi, vijana walicheza wawili wawili, yeye hakuwa na wa kucheza naye. Wakimpa mtu wa uzito mdogo, kocha anamwonya asipige kwa nguvu. Basi alikuwa anarudi nyumbani jua likiwa bado lipo, anapiga begi lake uani. Lilikuwa kiroba kilichoshindiliwa nguo kuukuu na maranda ya mbao, kinalia dufu, dufu. Na kwa kuwa hakuwa na mtu wa kumpigia kengele, kengele nikawa mie. Bibi alinipa mfuniko wa sufuria na kijiko cha chuma. Natazama saa ya ukutani kupitia dirishani, muda wa raundi ukiisha nagonga, anapumzika. Nagonga tena, anaanza. Bibi huku anakuna nazi. Harufu ya vitumbua inaruka ukuta kutoka kwa jirani, na jirani mwenyewe anaruka nayo kwa sauti.

"We Kontena, utatuangushia banda!"

"Likianguka nitalijenga, mama."

"Utalijenga kwa nini? Kwa mitulinga hiyo?"

"Hii hii," anainua ngumi.

Nilikuwaga nacheka mpaka nakosa kugonga.

Mapambano yake yote alikuwa ameshinda. Lakini nisimpendelee kwa kuwa ni ndugu yangu. Waliokuwa wanaletwa hawakuwa mabondia hasa. Mmoja alikuwa mlinzi wa godauni, mwingine alikuwa mnene tu, alianguka kabla hajaguswa vizuri. Watu walishangilia wakaenda makwao. Yeye alirudi akakaa kwenye kizingiti, akauliza, si kwa bibi wala kwangu: "Hivi mie ni bondia, au ni mtu mkubwa tu?"

Ndipo promota akamletea yule wa Morogoro. Huyo alikuwa mtu kweli. Kapigana sana, kashinda, kashindwa, pua imelalia upande. Promota alisema mjomba akimtoa huyu, kuna safari ya kwenda kupigana ng'ambo. Mtaa mzima ukawa habari ni ng'ambo. Mjomba sikumsikia akiitaja. Yeye alikuwa na swali lake.

Siku ya kupima uzito kocha alinichukua. Watu wetu walijaa na ngoma zao. Yule wa Morogoro alikaa kwenye kiti cha plastiki, begi miguuni, hana hata wa kumshikia shati.

"Mzee, pensheni hujapata bado?" wahuni wakampigia kelele.

"Mpeni uji huyo, atakufa njaa mikononi mwetu!"

Bibi alinilea kwamba mkubwa anaamkiwa, na hakuwahi kuniambia kuna mkubwa wa kuachwa. Nikaenda mbele yake.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. We wa nani?"

"Wa Kontena. Ni mjomba wangu."

Akacheka, meno ya mbele hayapo. "Mwambie ale ashibe. Na asikaze mabega."

"Oya, dogo kauza mechi!" mtu mmoja akapayuka, wote wakaangua kicheko. Nilitamani ardhi inimeze. Lakini ujumbe niliufikisha. Mjomba aliufikiria, akasema, "Kweli bana, nakazaga mabega."

Bibi hakwenda kwenye pambano. Alisema hawezi kwenda kumtazama mwanawe akipigwa, wala kumtazama mtoto wa mwenziwe akipigwa, kwa hiyo atabaki na tasbihi yake. Nilikwenda na jirani. Ilikuwa jioni mapema, Temeke, ulingo umefungwa kwenye ua wa baa moja. Kengele ya pale ilikuwa ya kweli, na kila ilipolia mkono wangu uligonga goti wenyewe. Labda ndiyo sababu niliona nilivyoona. Wenzangu walitazama pambano moja. Mie nilikuwa nimezoea kulikata vipande, kila raundi na habari yake, ikiisha naiweka pembeni.

Ya kwanza na ya pili mjomba alikuwa mzuri, Mungu shahidi. Mkono wake wa kushoto ulimfika yule mtu usoni mpaka ua mzima ukasimama. Kuanzia ya tatu mgeni akawa anaingia ndani, anamwegemea, anampiga mbavu kwa ngumi fupi ambazo waliokaa nyuma hawakuziona. Mjomba akakaza mabega. Raundi ya tano akayumba akadaka kamba. Kocha anapiga kelele, "Mikono juu, mwanangu, mikono!" Jirani kajifunika kanga usoni, ananivuta gauni.

"Kasimama? Niambie, kasimama?"

"Kasimama."

Na alisimama kweli. Ya saba aliirudisha, akapiga kwa moyo wake wote. Ya nane, ambayo ndiyo ya mwisho, sikuona wa kumpa isipokuwa mgeni.

Wakatangaza mshindi kwa pointi: Kontena.

Sisemi majaji walipewa kitu. Walikaa upande mwingine wa ulingo, huenda waliona nisichokiona. Nilichoona mie ni mjomba. Refa kamwinua mkono, watu wanarukaruka, naye anamtazama yule wa Morogoro, ambaye alikuwa anabandua plasta ya glavu kwa meno, taratibu, kama mtu aliyejua matokeo toka alipopanda basi.

Mtaani walipika pilau. Mjomba alikula matonge mawili akaingia ndani.

Asubuhi nilikuwa nafagia ua. Yeye alikuwa kwenye kigoda, mikono kaizamisha kwenye beseni la maji ya moto yenye chumvi.

"We si ndiyo kengele yangu?"

"Ndiyo, mjomba."

"Ulihesabu raundi?"

Nikaendelea kufagia. Nilijua anachouliza, na nilijua kwamba mtaa mzima ungenicheka.

"Usiseme kwa mdomo," akaniambia. "Mkono wa kulia mie, wa kushoto yeye. Nionyeshe."

Nikaweka fagio chini. Mkono wa kulia nikanyoosha vidole vitatu. Wa kushoto nikanyoosha vyote.

Alivitazama. Bibi alikuwa mlangoni na kikombe chake. Mjomba akatoa mikono majini, imevimba kama mikate, akashika vidole vyangu vya kushoto akavikunja kimoja kimoja, kwa upole, kama anavirudisha kulala.

"Nilidhani niko peke yangu," akasema.

Wiki ile ile promota alikuja na habari za safari. Mjomba akamwambia anataka kwanza kurudiana na yule wa Morogoro.

"Umeshinda, bana! Unarudia nini?"

"Nimepewa. Sijashinda."

Promota alicheka, akidhani ni utani. Alipoona si utani, akasema hakuna atakayetoa ukumbi kwa ajili ya pambano lililokwisha. Safari akapewa mwingine. Tukaja kusikia yule wa Morogoro kaacha ngumi. Mjomba aliendelea kupiga begi, nami kugonga mfuniko, mpaka siku moja nikagonga na yeye hakuanza. Alijifunza kuendesha malori, akahamia Tunduma. Mtaani wakasema Kontena kaogopa ndege.

Miaka yote hii najiuliza. Mtoto wa darasa la nne anajua nini? Ningemwonyesha vidole vingine, labda angepanda ndege, labda jina lake lingejulikana. Au labda angeumizwa huko akarudi hajui hata jina langu. Sijui. Kila nikikaribia kujihukumu naona nakosea, na kila nikikaribia kujisamehe naona hivyo hivyo.

Leo pale uani palikuwa kimya. Jirani wa vitumbua hayupo, ukuta wake ni maduka sasa, na pale mabondia walipokuwa wanafanyia mazoezi sasa watu wanaosha magari. Nikatoa simu nikampigia mjomba.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, kengele."

Bado ananiita hivyo. Nikamwambia chuma chake kipo. Nasikia injini ya lori ikiunguruma nyuma yake.

"Kwa hiyo nyumba inauzwa kweli."

"Inauzwa."

"Kiache. Atakayekuja hatakosa cha kutundika."

Nikajikaza. "Mjomba, siku ile, vile vidole..."

"Tano kwa tatu," akasema kabla sijamaliza. "Mpaka leo nikizihesabu barabarani ni tano kwa tatu." Halafu ile sauti yake ndogo ikawa ndogo zaidi. "Lakini zile tatu zilikuwa zangu, kengele. Kwa mtu kama yule. Hakuna aliyenipa."

Nilirudi kwangu Kimara giza linaingia. Mama siku hizi anakaa na mie. Aliutazama mfuniko, akauliza takataka hiyo nimeitoa wapi, kisha akautambua, akaenda kuusugua kwa majivu bila kuniuliza zaidi. Tuliufunikia wali. Haukai sawa, mvuke unatoka pembeni, na wali wa juu ukabaki na kiini. Tulikula hivyo hivyo, mama na mie, na mchicha wa nazi.