Picha Chini ya Godoro

Kwetu Njoro, picha ya hospitali ni mali ya wageni. Baba alipovunjika mguu, bahasha ya picha ilikaa mezani karibu na sukari, na kila aliyeingia aliitoa picha ile, akaiinua dirishani, akatoa maoni kama daktari bingwa.

Ya mama ilikaa chini ya godoro.

Mama alikuwa na saratani ya uke, ambayo daktari wa Nakuru alisema ni nadra kuiona. Alipigwa picha ya MRI ili ijulikane kama uvimbe umefika kwenye kibofu. Kama haujafika, angeweza kupasuliwa. Siku ya kumwona daktari wa upasuaji, tulifika mikono mitupu. Mama akasema picha imepotea.

"Mama, bila picha siwezi gusa hiyo kitu," daktari akasema. "Nitakata wapi?"

Tukiwa njiani kurudi ndipo aliponiambia ilipo. Aliogopa kuibeba, asije akakutana na mtu wa kanisani akaomba kuiona. Nilikasirika hadi machozi yakanitoka, na si yeye aliyenikasirisha. Mficha uchi hazai, ndivyo wanawake wetu humwambia anayeona haya kujifungua. Saratani ikiingia palepale, wanataka ufiche hadi ufe.

Nyumbani tulimkuta shangazi, dada yake baba, ameketi na akina mama wa kanisa, chai imeshamiminwa.

"Tumekuja kuombea hiyo tumbo yako," akasema.

Shangazi aliujua ukweli. Ni yeye aliyewatangazia watu kuwa ni tumbo, ati mambo mengine yanaaibisha familia. Wakasimama, wakafumba macho, wakaliombea kwa sauti kubwa tumbo lisilo na ugonjwa wowote. Mimi sikufumba macho. Nilimkodolea shangazi tangu mwanzo wa maombi hadi mwisho.

Baada ya amina waliketi tena, na mama akaingia chumbani akarudi na picha. Ilikuwa imejikunja pembeni kwa kulaliwa. Akaiinua dirishani, kama wanavyofanya wao siku zote, akaweka kidole chini kabisa.

"Ugonjwa uko kwa uke," akasema. "Tumbo yangu ni nzima. Kesho nampelekea daktari hii picha. Sasa simameni muombe tena, na mara hii muombee hapa."

Wakasimama mmoja mmoja. Shangazi alikuwa wa mwisho.