Betri ya Lori na Bendera ya Majok

Nakumbuka Jumamosi moja pale Bura, mwanangu, nilipokuwa na miaka tisa na ulimi wa miaka arobaini. Usinitolee macho. Najua leo nina kumi na saba na wewe kumi na minne, lakini wewe uko kidato cha kwanza na mimi cha nne, na katika hesabu za shule ya bweni hapo kati vimepita vizazi vitatu. Kunja miguu, weka huo mkate chini, mzee aseme.

Awoowe, babu yangu, alikuwa na hoteli ya chai na anjera karibu na soko la mifugo. Ndani mlikuwa na televisheni iliyokunywa umeme wa jua kupitia betri moja kuukuu. Siku ile nilipewa kazi moja tu: nihakikishe hakuna anayeigusa televisheni mpaka saa nane mchana. Saa nane wangerudia sherehe ya kufungua michezo ile mikubwa ya dunia nzima, na aliyeomba kuitazama alikuwa Majok.

Majok alikuwa fundi mwashi kutoka Sudan Kusini, amekuja kutujengea bweni la shule ya msingi. Nawe unatujua sisi Wasomali: mtu akiwa na mwili wenye la kusema, jina alilopewa na mamake tunalisahau. Siku ya kwanza tu akaitwa Dheere, yaani Mrefu. Awoowe peke yake alimwita Majok, kwa sababu aliuliza maana yake akaambiwa ni rangi ya fahali, mweusi kwa mweupe. "Mtu mwenye jina la ng'ombe," Awoowe akasema, "huyo ni wetu."

Nchi ya Majok ilikuwa changa kuliko zote duniani, na hiyo ndiyo mara ya kwanza ingeingia uwanjani ikiwa na bendera yake yenyewe. Alituambia huku akikoroga chai: "Kaka yangu aliifia hiyo bendera. Hakuiona ikipepea hata siku moja. Nataka niione kwa macho yangu na yake."

Sasa, mwanangu, kunipa mimi ulinzi wa televisheni ni kumpa fisi bucha. Awoowe alipokwenda sokoni asubuhi, nilifungua mieleka. Nikaitazama mpaka adhana ya adhuhuri, mimi na binamu yangu Abdi, huku tukibwagana kwenye mikeka ya wateja.

Saa nane hoteli ikajaa wazee na bakora zao, na vijana wa ngamia ambao hawakujua michezo yenyewe ni ya nini. Majok alikaa mbele kabisa, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi likakauka kama ubao. Nchi zikaanza kuingia kwa mfuatano wa herufi, na ya kwake ilikuwa mbali huko kwenye S. Nami nikaona ni wajibu wangu kuwatumbuiza wageni.

"Hawa wanne," nikasema, "wametumwa sukari dukani, wakapotea, wakajikuta uwanjani."

Hoteli ikacheka. Majok naye akacheka.

"Huyu yuko peke yake na bendera. Ndiye rais, ndiye mkimbiaji, ndiye dereva wa basi."

Wakacheka zaidi, na sifa, mwanangu, ni kama sukari kwenye chai ya Bura, hakuna anayejua mahali pa kukoma. Nikamgeukia mwenyewe. "Na nyinyi je, Dheere? Si mtaingia wewe na ngazi yako?"

Majok hakucheka. Aliiangalia mikono yake yenye saruji kwenye kucha.

Awoowe, ambaye kila p yake hutoka b, akaweka birika chini. "Warya, kijana! Bale daraja la Tana, askari akisimamisha basi, nani anaambiwa shuka?"

"Sisi, Awoowe."

"Wengine wanalala usingizi ndani ya basi. Mimi na wewe tunasimama kwa jua, kitambulisho mkononi, tunaulizwa kama hii nchi ni yetu. Mtu amebata nchi jana, anataka kuiona tu, wewe unamcheka? Mdomo kama huo hata fisi habana taka."

Hapo hapo, tukiwa kwenye herufi R, televisheni ikafanya tiii na kuzima.

"Labda ni mawingu," nikasema. Mwanangu, Bura wakati ule wingu lingepita lingepigiwa saluti.

Macho yote yakamgeukia Abdi. Abdi akanigeukia mimi. Ndugu wa damu, msaliti wa damu. Majok ndiye aliyesimama, akanyoosha shati lake. "Haidhuru, mzee. Watu watanisimulia." Alisema hivyo kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko bakora yoyote niliyowahi kula, nami katika somo hilo nina uzoefu.

Nikatoka mbio. Sokoni lori la Adeer Hussein, ami yangu, lilikuwa limeshapakia mbuzi, injini inanguruma, tayari kwenda Garissa.

"Adeer, nipe betri yako!"

"Betri tu? Na figo hutaki?"

Nikamwambia yote: mieleka, mawingu, kaka yake Majok. Sikupamba hata neno moja. Adeer Hussein akanitazama kama mtu aliyeona ngamia akisoma gazeti. "Leo ndiyo mara ya kwanza nasikia ukweli kutoka kwako," akasema. "Panda."

Lori likarudi nyuma mpaka dirishani pa hoteli, mbuzi wakilia juu yake. Adeer akapitisha waya, lakini kibanio kimoja kilikuwa kimekatika. Akanivua kandambili mguuni, akanipa. "Bonyeza waya hapa na hii. Ukiachilia, televisheni inakufa, halafu unafuata wewe."

Ndivyo nilivyopiga magoti nje juani, mgongo kwa hoteli, nikitazama gurudumu na ndevu za mbuzi. Ndani televisheni ikazinduka. Nikasikia mtangazaji akiitaja Sudan, na viti vikisogea.

"Bado," Majok akasema. "Hiyo ni ile tuliyojitenga nayo."

Kisha ikatajwa. Sudan Kusini.

Kishindo kwenye mabati: Majok ameruka, na paa la hoteli halikujengewa mtu kama yeye. Halafu, mwanangu, nikasikia kitu ambacho sijakisikia tena hata siku za Idi. Bakora zote zikapigwa sakafuni. Bibi yangu jikoni akapiga vigelegele. Awoowe, mtu asiyepaza sauti hata mbuzi wake akiibiwa, akapiga ukelele, "Nchi ya ng'ombe hiyo! Simameni, simameni wote!" Na Majok akaimba kwa lugha yake, sauti ikikatika na kuunganika. Nikaukandamiza waya kwa nguvu zote. Sikuachilia.

Baadaye akatoka na nundu kwenye paji la uso, akachuchumaa kando yangu. "Umeiona?"

"Hapana. Nilishika waya."

Akacheka mpaka machozi yakaanza upya. "Basi nikusimulie mimi. Nyeusi, nyekundu, kijani, na nyota kwenye buluu. Watu wenyewe wachache, wachache kuliko mbuzi waliosimama hapa nyuma yako. Lakini, kijana wangu, waliujaza ule uwanja wote."

Sasa sikia. Kesho shule mpya kutoka upande wa Ijara inakuja kwetu kwa michezo, mara yao ya kwanza, na jezi zao ni za kuazima. Jana usiku nimekusikia bwenini ukiwatungia utani. Utani wenyewe ni mzuri, nakiri, na ule wa soksi nitauiba. Lakini mwanzo wa ngoma ni lele, na hata ngamia siku ya kwanza husimama kwa miguu inayotetemeka. Anayeingia mara ya kwanza hana cha kukuonyesha ila huko kuingia. Cheka naye akianza yeye, usimcheke. Ukipewa kitu ulinde, kilinde. Ukikiharibu, sema mapema, kisha ushike waya mpaka mwisho, hata kama utakosa kuona.

Mungu akupe ulimi mtamu, mwanangu, na mkono usiochoka. Na siku utakapoingia uwanjani mara ya kwanza, mdogo, hakuna anayekujua, akupe watu wa kusimama wote kwa pamoja na kulitaja jina lako. Amin.