Mzigo wa Miraa Nilioufungua

Tangu damu ivuje kuzunguka ubongo wangu, nakumbuka maswali ya mitihani ya chuo kikuu lakini sikumbuki kama nimekunywa chai. Daktari alisema huenda nikabaki hivyo. Majirani wa hapa Githongo niliwaambia ilikuwa presha tu. Presha ni ugonjwa wa heshima, hata maaskofu wanayo. Lakini msomi ambaye kichwa chake kimevuja?

Haya mengine nimesimuliwa na mke wangu, mara nyingi mpaka yamekuwa kama yangu.

Asubuhi ya siku ya posa, binti yetu alinifuata nikichuma kahawa. "Baba, wale watu wanaleta miraa leo. Tafadhali usifungue. Mimi bado sijaamua." Nikamwapia. Kwetu Meru, baba wa msichana akifungua mzigo wa miraa ya posa, amekubali. Kinachobaki ni mazungumzo ya mbuzi na ng'ombe.

Wageni walikuja, wakala, wakaweka mezani mzigo uliofungwa kwa majani ya mgomba. Wazee wakaanza hotuba. Katikati ya hotuba, mimi mwenye shahada mbili, ninayeitwa Profesa kijijini, nikaona miraa mbele yangu, wala sikujua imetoka wapi. Nikakata kamba, nikachagua kijiti kinono, nikatafuna.

"Profesa ametafuna!" mzee wao akapaza sauti. "Kumbe alikuwa na njaa ya mkwe!"

Vigelegele vikapigwa. Mke wangu, aliyenisaidia kuulinda ule uongo wa presha, akatazama sakafu. Binti akatoka jikoni, mikono imejaa unga, akasimama mbele ya wazee.

"Baba alivuja damu kichwani. Hakumbuki nilichomwambia asubuhi. Huko kutafuna kwake si jibu langu."

Akaufunga mzigo upya, akawarudishia kwa mikono miwili.

Yule mzee alikohoa. "Pole, mama. Basi tutarudi ukituita wewe mwenyewe."

Mimi, kijiti kikiwa bado mdomoni, nikauliza kwa adabu wageni wamekuja kwa ajili gani.

Hayo yote yamefutika. Imebaki aibu peke yake. Nikisikia harufu ya majani ya mgomba uso unanichoma, na sijui kwa nini mpaka nimuulize binti.

"Nilifungua?"

"Ulifungua, Baba."

"Halafu?"

"Nikafunga."

Ananijibu polepole, kana kwamba sijawahi kumuuliza.