Uzi wa Kijani wa Shangazi

Shangazi yangu ni mkemia wa maabara ya serikali, na ukitaka kumkasirisha, mwambie amekosea. Kwa miaka ishirini alipima unga ulioletwa na polisi, akaandika ripoti, na askari akaenda kuisoma mahakamani. Yeye mwenyewe hakuwahi kukanyaga huko. "Karatasi yangu inajitosheleza," alikuwa akituambia, huku vidole vikifuma sweta. Mabaki ya uzi aliyapeleka kazini: kila mfuko aliokwisha kuupima aliufunga kwa uzi wa kijani, mafundo matatu. Wenzake walimcheka mpaka wakachoka.

Ikaja rufaa ya fundi rangi mmoja, aliyehukumiwa miaka kumi kwa mfuko wa dawa za kulevya. Wakili wake alikuwa na hoja moja tu: karatasi haiwezi kuulizwa maswali, aliyeiandika aletwe. Majaji wakakubali. Shangazi alinuna wiki nzima.

"Yaani mtoto wa juzi anihoji mimi?"

"Nenda tu, shangazi. Usisahau miwani."

Nilimsindikiza, kwa umbea zaidi kuliko upendo. Wakili akampa mfuko wenye namba ya ripoti yake. Shangazi akaugeuza, akaugeuza tena. Ulikuwa umefungwa kwa kipande cha mpira.

"Waheshimiwa, huu sijawahi kuuona."

Mwendesha mashtaka akakohoa. "Lakini namba si ni yako?"

"Namba ni yangu. Mfuko si wangu. Mifuko yangu naifunga kwa uzi."

Mfuko ukapelekwa maabara, ukapimwa mbele ya pande zote mbili. Ilikuwa jasi, ile ya kuzibia nyufa za ukuta. Ikabainika kwamba huko stoo ya polisi, namba ya ripoti ya mzigo mwingine ilibandikwa kwenye mfuko wa fundi.

"Ndicho nilichosema siku niliyokamatwa," fundi akasema, bila hata kupandisha sauti. Alikuwa amekaa ndani miaka mitatu. Majaji walipomwachia huru, mkewe alicheka na kulia kwa pamoja, na mimi nikajikuta nalia na watu nisiowajua.

Shangazi hakulia. Njiani akaniuliza, "Na zile kesi ambazo sikuitwa?"

Siku hizi yuko mahakamani kila wiki, anabishana na mawakili, na raha anayoipata haifichiki. Na chini ya kila ripoti, baada ya sahihi, anaandika kwa mkono: Niiteni.