Kalafati Kwenye Kisiwa cha Baringo

Mume wangu alikuwa kalafati. Kazi yake huko Lamu ilikuwa kuziba nyufa za majahazi kwa pamba na mafuta. Nakuru alikuta nini cha kuziba? Matangi ya maji na mabodi ya malori. Miaka hiyo ya hamsini tulipanga chumba Bondeni, karibu na mama yangu, na mume wangu alikuwa hatulii. Anatoka, anarudi, anafungua mfuko wa vifaa, anaufunga. Kila mara ananiambia turudi kwao. Nikamjibu kwamba simwachi mama, akitaka aende peke yake. Nilisema kwa hasira, kisha nikaogopa asije akanishika neno.

Basi niliposikia kwa dereva mmoja kwamba ziwani Baringo kuna kisiwa chenye watu na mashua, nilimganda mpaka akatuchukua. Nia yangu ilikuwa moja: apate mashua za kuziba huku huku, asahau pwani.

Mashua iliyotuvusha kwenda kisiwani ilikuwa vigogo vyepesi vilivyofungwa pamoja. Hatujafika mbali, maji yakaingia kwa chini, tukawa tumeyakalia. Mume wangu akashika kopo akaanza kuyachota.

"Wacha tu, mzee," mpiga kasia akamwambia. "Hiyo maji iko sawa."

"Sawa vipi, na tunazama?"

"Hii haizamangi."

Hakusikia. Alichota mpaka kisiwani.

Mama wa yule mpiga kasia alikuwa anaparua samaki. Alipomwona mume wangu na kopo, alicheka hadi akaweka kisu chini.

"Wageni wote ni hivyo," akasema. "Zamani walikuja watu wa msafara wakitaka pembe za ndovu. Wakaona maji ndani, wakarudi ng'ambo. Halafu mzungu na mashua yake ya chuma. Ikagonga jiwe pale. Tulimwokota na hizi zetu."

Mume wangu alikuwa anaizunguka ile mashua akitafuta pa kuanzia. Ilikuwa nyufa tupu, na haikumhitaji. Mwishowe akatoa pamba yake yote akampa yule mama, afanye tambi za taa. Tuliporudi hakugusa kopo. Alikaa ndani ya maji, mikono magotini. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Alibaki Nakuru. Mfuko hakuufungua tena. Akitoka kazini anakaa kitandani, mikono magotini vile vile, na ukimuuliza lolote anajibu, "Sawa." Nilizoea kugombana na mtu anayetaka kuondoka. Huyu alinishinda. Sasa mimi ndiye niliyekuwa natoka na kurudi, sijui natafuta nini.

Asubuhi moja nilimwekea chai, nikamwambia, "Twende kwenu."

Akaondoa mikono magotini.

"Na mama yako?"

Nilikuwa nimemwambia mama jana yake. Wakati ule alikuwa uani, anafua shuka zetu, tusije tukaenda kwa watu na shuka chafu.