Unga Chini ya Msoro

Nilipokuwa mtoto niliamini kwamba nimemuua bibi yangu. Sikumlisha sumu. Nilitumia vidole hivi hivi, na unga wa mtama usiojaza hata bakuli.

Kwetu ni Narung'ombe, lakini mpunga tuliulima chini, bonde la mto Mbwemkuru. Masika tulihamia huko watatu, mama, mama yake na mimi, tukalala kwenye dungu, kibanda cha miguu mirefu, tukiulinda mpunga na nguruwe mwitu. Baba alishafariki. Mpunga ule ndio uliokuwa chakula chetu cha mwaka mzima.

Mwaka huo mvua ilitutisha. Bibi swala tano hazimpiti, lakini kutambika nako hakuacha. Jioni moja alimwaga unga chini ya mti wa msoro, polepole, mpaka ukasimama kama kichuguu.

"Mke mwenzangu," aliniambia, ndivyo alivyonitania siku zote, "kesho tutautazama. Ukiwa umesimama, wazee wanasema tukae. Ukianguka, tunafunga mizigo."

Asubuhi nilitangulia mimi. Lahaula! Kuku wetu yuko pale anachakura, unga umelala chini. Na kuku huyo mimi ndiye niliyeambiwa nimfungie! Niliiwaza fimbo ya mama, mto sikuuwaza. Nikamfukuza kuku, nikaukusanya unga na mchanga wake, nikausimamisha, nikaifinya ncha. Bibi alikuja akijikongoja na goti lake bovu, akautazama kwa muda.

"Tunakaa," akasema.

Siku ya tatu jua lilikuwa kali, hata mikeka tulikuwa tumeianika. Kumbe mvua ilinyesha huko juu unakotokea mto, sisi hatuna habari. Mchana tukasikia mngurumo, mara maji mekundu yakaingia kwenye mpunga, yanasukuma magogo. Mama akanitupa mgongoni. Bibi alikuwa juu ya dungu, hawezi kukimbia.

"Peleka mtoto kwanza!" alipiga kelele. "Mimi utanirudia!"

Mama alinifikisha mlimani, akarudi mbio. Nilimwona anaingia majini mpaka kifuani, anaita, "Mama! Mama wee!" Dungu halikuwepo. Aliita mpaka watu wakamvuta kwa nguvu. Bibi hatukumpata, hata mwili wa kuzika hatukuupata.

Sikumwambia mtu. Niliolewa Nachingwea, nikazaa, nikazeeka na siri yangu, na kila mawingu yalipojikusanya sikulala. Jamani, mtoto wa miaka minane kubeba maiti!

Masika hii redio ilipotangaza mvua kubwa, nilimfuata mama nije naye kwangu. Njiani akaniuliza kwa nini naogopa mvua hivyo. Nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia yote: kuku, unga, vidole.

Mama alinigeukia.

"Bibi yako alijua," akasema. "Alama za vidole vyako zilikuwa pale pale, na mchanga juu yake. Aliniambia jioni ile akicheka: 'Mjukuu wangu kanipunguzia kazi. Angeuacha chini, ningeusimamisha mwenyewe.' Mpunga ulibakiza wiki mbili uvunwe, mwanangu. Tungepanda mlimani tukale nini?"

Nilidhani nikilitua lile jambo nitapata nafuu. Nafuu gani? Nililia kuliko siku yenyewe. Bibi hakudanganywa na unga wala na mimi. Alijua mto unaweza kuja, akakaa, kwa sababu mlimani kulikuwa na njaa inayotungoja. Nilimkasirikia, nikamwonea huruma, nikakosa hata wa kumlaumu.

Siku hizi onyo halikosekani, linafika mpaka kwenye simu. Binti yangu analima bondeni huko Marambo. Jana nilimpigia, nikamwambia mto unakuja, ahame leo hii.

"Mama," akaniuliza, "nikihama, hawa watoto watakula nini?"

Nilikuwa nimebakiza gunia moja la mahindi. Nimelifunga kwenye bodaboda, namfuata.